Mtoto aanze lini Kifaransa na Kiingereza? Swali linalorudi kila Septemba

Kila mwisho wa Agosti, kabla kengele ya mwaka mpya wa masomo haijalia, mazungumzo ni yale yale, iwe Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira ao Kalemie. Wazazi wako wanatafuta sare, madaftari, na pesa ya minervali kwa wale wenye watoto kwenye shule za binafsi. Na kwenye ukuta wa shule nyingi za mjini kuna bango: Kifaransa tangu materneli, Kiingereza tangu mwaka wa kwanza wa msingi. Fasi zingine wanaahidi lugha zote mbili kwa mtoto wa miaka mitatu.

Mzazi anasimama mbele ya lile bango na kuanza kuhesabu. Akimpeleka mtoto kule, atalipa mara mbili ao mara tatu kuliko shule ya karibu. Akimwacha kwenye shule ya karibu, anaogopa mtoto atabaki nyuma ya wenzake. Wengi wanachagua haraka, juu ya imani moja ambayo watu wengi wanayo: kadiri mtoto anavyoanza mapema lugha ya kigeni, ndivyo ataijua vizuri.

Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli nusu. Na kwa familia ya mashariki mwa Kongo, ile nusu nyingine ndiyo inayoamua kama mtoto atafika mwaka wa sita akiwa anasoma na kuelewa, ao akiwa anakariri bila kujua maana.

Lugha ya kigeni ya kwanza ni Kifaransa

Watu wakisema "lugha ya kigeni", wengi wanafikiri Kiingereza. Kifaransa wanakihesabu kama lugha ya nyumbani, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi, ya buletini na ya diploma. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema wazi katika kifungu chake cha kwanza kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na kwamba Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa.

Lakini mtoto wa miaka sita hajui katiba. Mtoto anayetoka Masisi anajua Kihunde ao Kinyarwanda. Wa Lubero anajua Kinande, wa Walungu Mashi, wa Fizi Kibembe, wa Djugu Kilendu. Wa mjini anajua Kiswahili, kile cha barabarani na cha kwenye robinet. Kwa hao wote, sauti ya "asseyez-vous" siku ya kwanza ya masomo ni sauti ngeni kabisa. Mtoto anaikaa chini kwa sababu ameona mwenzake ameikaa, hajaelewa neno.

Kwa hiyo, swali la lini mtoto aanze lugha ya kigeni linaanza na Kifaransa. Kiingereza ni hatua ya pili. Shule inayoahidi Kiingereza tangu mwaka wa kwanza iko inaahidi lugha ya tatu, na kwa mtoto fulani ya nne, kabla hajajua kusoma hata katika moja.

Sheria iko, lakini darasa liko na njia yake

Jambo ambalo wazazi wengi hawajui ni kwamba sheria ya Kongo haimlazimishi mtoto kuanza kila kitu kwa Kifaransa siku ya kwanza. Historia yenyewe imezunguka mara mingi. Wakati wa ukoloni, shule nyingi za wamisionari zilifundisha watoto wadogo katika lugha za Kiafrika, na huku mashariki Kiswahili kilishika nafasi kubwa. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, Kifaransa kiliwekwa tangu mwaka wa kwanza. Katika miaka ya 1970, wakati wa Zaire, lugha za taifa zilirudishwa kwenye mwanzo wa shule ya msingi. Sheria ya elimu ya 22 Septemba 1986 ilifuata njia hiyo hiyo.

Leo sheria inayoongoza ni ile nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014. Inasema kwamba Kifaransa ni lugha ya mafundisho, lakini papo hapo inasema lugha za taifa ao lugha za eneo zinatumiwa kufundishia na kujifunzia, na pia zinafundishwa kama somo. Lugha kubwa za kigeni nazo zimetajwa, kama masomo ya kujifunza.

Kwa maneno mengine, mwalimu wa mwaka wa kwanza Kiwanja ao Kamituga anayefundisha kusoma kwa Kiswahili havunji sheria, yuko anaifuata. Shida ni kwamba darasani mambo yanaenda namna nyingine. Mwalimu mwenye D6 alifundishwa kufundisha kwa Kifaransa, na mitihani aliyopita ilikuwa kwa Kifaransa. Fasi mingi, kitabu cha Kiswahili hakipo, ao kipo kimoja kwa darasa zima. Na mkaguzi akija, mwalimu anaona aibu kusikika akieleza kutoa na kugawanya kwa lugha ya sokoni. Matokeo yake ni darasa linalofanya vyote viwili nusu nusu: Kifaransa kwenye ubao, Kiswahili ya haraka haraka kwa mdomo, na mtoto katikati anatafuta pa kushika.

Zaidi ya hapo, tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa ya bure, madarasa mengi yalijaa. Hilo lilikuwa jambo la heri kwa familia ambazo watoto wao walikuwa wanafukuzwa kila mwezi juu ya prime ya walimu. Lakini lugha inajifunzwa kwa kusema, na darasa lenye watoto wengi kupita kiasi halimpi kila mtoto nafasi ya kusema. Wanajibu kwa sauti moja: "Bonjour maître!" Wimbo unatoka safi, mgeni anapendezwa. Ukimwita mmoja peke yake, ananyamaza.

"Samaki mkunje angali mbichi": ni kweli?

Wazazi wanaotetea kuanza mapema wako na methali upande wao. Na wako na ushuhuda. Kila mtu wa Goma ao Bukavu ameona mtoto aliyekimbia vita kutoka kijijini, aliyefika mjini bila neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi michache anagombana kwa Kiswahili kama mtoto wa kata ile. Wakati huo, bibi yake bado anaitaji mtu wa kumtafsiria sokoni. Basi, watu wanasema, mtoto mdogo anameza lugha sawa maji.

Ni kweli, lakini tuangalie ginsi alivyoimeza. Yule mtoto alisikia Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku, kwenye robinet, kwenye mpira, kwenye ugomvi, na alikuwa na haja nacho: bila Kiswahili hapati rafiki. Hakuna aliyemfundisha. Alizama ndani yake.

Darasa la lugha ni kitu kingine. Tuseme shule inatoa saa mbili za Kiingereza kwa juma, kwa majuma 36 ya masomo. Hizo ni saa 72 kwa mwaka mzima. Mtoto anayekaa macho saa 12 kwa siku anasikia lugha ya nyumbani saa 72 katika siku sita tu. Kwa hiyo mwaka mzima wa Kiingereza cha darasani ni sawa na juma moja lisilotimia la maisha ya yule mtoto mkimbizi. Ndiyo maana mtoto anaweza kusoma Kiingereza miaka minne na kubaki anajua kuhesabu hadi ishirini na kutaja viungo vya mwili.

Watafiti wamepima jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Barcelona, nchini Hispania, Carmen Muñoz na wenzake walifuatilia wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na miaka 8, na wengine walioanza na miaka 11. Walipowalinganisha baada ya kupata idadi sawa ya saa darasani, wale walioanza wakubwa walikuwa mbele. Sababu inaeleweka: mtoto wa miaka 11 anajua tayari kusoma na kuandika, anaweza kushika kanuni, anaweza kulinganisha lugha mpya na ile aliyonayo. Mdogo anamshinda hasa pale anapozama ndani ya lugha kwa miaka mingi. Hapo ndipo anapata hata matamshi ya wenyeji.

Methali basi haijasema uongo. Samaki mbichi anakunjika. Lakini anakunjwa na mikono inayomshika muda mrefu, si kwa kuguswa mara mbili kwa juma.

Hesabu ya maharagi

Kuna tofauti moja ambayo mara nyingi inasahauliwa: kujifunza lugha, na kujifunza vitu vingine kupitia lugha hiyo. Mtoto wa miaka sita kujifunza salamu, nyimbo na majina ya vitu kwa Kifaransa, hakuna hatari, ni faida. Lakini mtoto huyo huyo kujifunza kusoma, hesabu na usafi wa mwili kwa lugha asiyoielewa, hapo ndipo anapoteza.

Chukua mfano wa mtoto anayemsaidia mama yake kuuza maharagi. Mama amenunua mzigo kwa franga 40 000, amelipa 5 000 ya chukudu, na ameuza yote kwa 54 000. Muulize mtoto wa miaka kumi mama amepata ngapi juu. Atafikiri kidogo na kusema 9 000. Anajua kwamba pesa ya chukudu lazima itolewe, kwa sababu ameona mama akiitoa.

Siku inayofuata darasani anakutana na hesabu ile ile, namba zile zile, lakini imeandikwa kwa Kifaransa, na swali linadai "prix de revient" na "bénéfice". Mtoto anaangalia. Anajumlisha namba zote anazoziona, kwa sababu ni kitu cha kufanya, na anapata 99 000. Buletini inaandika kwamba hajui hesabu. Kumbe hesabu anaijua, ni Kifaransa ndicho hakijafika.

Jim Cummins, mtafiti wa Canada, alieleza jambo hili tangu miaka ya 1970 na 1980. Lugha ya kuongea na wenzake, mtoto anaweza kuipata kwa mwaka mmoja ao miwili. Lugha ya masomo, ile ya kuelewa swali la hesabu ao somo la jiografia, inadai miaka mitano hadi saba. Na hao aliowachunguza walikuwa watoto wanaoishi katikati ya watu wanaosema lugha hiyo kila siku. Mtoto wa Mwenga ao Mambasa anasikia Kifaransa kwa mdomo wa mwalimu mmoja.

Matokeo tunayaona. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, watoto 97 kwa 100 wa Kongo wanafika miaka 10 bila uwezo wa kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Lugha si sababu pekee: kuna vita, njaa, walimu wasiolipwa vizuri, madarasa ya mbao na turubai. Lakini kati ya sababu hizo zote, lugha ni moja ambayo inaweza kurekebishwa bila kungojea amani.

Kusoma kunajifunzwa mara moja tu

Kuna jambo lingine linalofanya Kiswahili kuwa mlango mzuri wa kuanzia. Kiswahili kinaandikwa sawa kinavyosemwa. Mtoto akijua "ka, ke, ki, ko, ku" na "ta, te, ti, to, tu", anaweza kusoma "kata", "toka", "kuku", "taka" siku hiyo hiyo, na kila neno analosoma analijua. Anafurahi, kwa sababu karatasi imesema kitu.

Kifaransa kina desturi nyingine. Sauti moja ya "o" inaweza kuandikwa "o", "au" ao "eau". Katika "ils parlent" herufi tatu za mwisho zinanyamaza. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma anaweza kushika maajabu hayo, maana anajua tayari kusoma ni nini. Lakini mtoto anayeanza na yote mawili kwa mara moja, kutambua herufi na kubahatisha maana, anaishia kukariri ukurasa mzima. Mzazi anasikia mtoto "anasoma" kitabu cha Kifaransa na kupiga makofi. Funika picha, ao geuza ukurasa, na usomaji unaisha.

Uwezo wa kusoma haupotei mtoto akihamia lugha nyingine. Anauchukua pamoja naye. Nchini Nigeria, mradi wa Ife ulioanza 1970 uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo. Hawakubaki nyuma ya wenzao, hata katika Kiingereza chenyewe.

Karibu zaidi iko Burundi. Katika tathmini ya PASEC ya 2014, iliyopima nchi kumi za Afrika zinazotumia Kifaransa, watoto wa Burundi wa mwanzo wa msingi, ambao walipimwa kwa Kirundi, waliongoza wote. Watoto wa nchi zingine walikuwa wanapimwa kwa lugha ambayo wengi wao hawaisemi nyumbani. Na mwishoni mwa msingi, walipopimwa kwa Kifaransa, Warundi hawakuanguka: katika hesabu walikuwa mbele tena.

Nchi jirani nyingine zimeyumba. Rwanda iliamua 2008 kufundisha kwa Kiingereza, ikarudisha Kinyarwanda kwenye miaka mitatu ya kwanza mwaka 2011, kisha 2019 ikatangaza Kiingereza tangu mwaka wa kwanza. Uganda tangu 2007 imeweka lugha za maeneo kwenye miaka mitatu ya kwanza, Kiingereza kikiwa somo. Hakuna nchi ambayo jambo hili limekuwa rahisi.

Kiswahili nacho kina maswali yake

Ni haki kusema ukweli wote. Kusema "wafundishwe kwa Kiswahili" si dawa ya kila mtoto. Kwa mtoto wa kijiji cha ndani huko Lubero ao Kabare, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Anakisikia sokoni, kanisani na kwenye redio, lakini mama hamwimbii kwa Kiswahili. Sheria ndiyo maana inataja pia lugha za eneo. Lakini kuna darasa ambamo wako watoto wa lugha nne, hasa mahali walipokimbilia wakimbizi wa ndani, na hapo Kiswahili ndicho kinabaki lugha ya wote.

Tena, Kiswahili cha kitabu sicho cha barabarani. Mtoto wa Kadutu anasema "batoto", "muti", "ku meza". Kitabu kinaandika "watoto", "mti", "mezani". Kuna walimu wanaosahihisha kila neno mpaka mtoto anaona hata lugha yake hajui. Hilo ni kosa. Umbali kati ya "batoto" na "watoto" ni hatua moja; kati ya "batoto" na "les enfants" ni safari. Mwalimu anayemkubalia mtoto aseme kwanza ginsi anavyosema nyumbani, kisha amwonyeshe ginsi inavyoandikwa, anamfikisha bila kumtia haya.

Na zile adhabu za zamani, za kumvalisha mtoto kitu shingoni ao kumlipisha faini kwa sababu amesema Kiswahili uani, hazijafundisha mtu Kifaransa. Zimefundisha watoto kunyamaza.

Wazazi hawana ujinga

Watu fulani wanaona kwamba wazazi wanaopenda Kifaransa na Kiingereza wanadharau asili yao. Si hivyo. Wazazi wanajua kusoma nchi inavyoenda. Mtihani wa taifa wa mwaka wa sita, ENAFEP, ni kwa Kifaransa. Exetat ni kwa Kifaransa. Barua ya kuomba kazi, hukumu ya tribinali, karatasi ya hospitali, vyote Kifaransa. Mzazi anaposema "mtoto wangu asome paka Kifaransa", yuko anamlinda asije kudanganywa kama yeye alivyodanganywa mbele ya karatasi.

Kiingereza vilevile. Tangu Kongo ilipotia sahihi ya kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 8 Aprili 2022, mfanyabiashara wa Butembo anayepita Kasindi kwenda Kampala, ao wa Bunia anayetafuta mzigo Uganda, anaona faida ya Kiingereza kila safari. Mashirika ya kimataifa yanayoajiri Goma nayo yanadai Kiingereza. Haja hiyo si ya uongo.

Kwa hiyo hakuna anayesema mtoto asijifunze Kifaransa. Swali ni njia ipi inamfikisha huko akiwa mzima. Mtoto aliyeingizwa moja kwa moja, akarudia mwaka wa kwanza, akarudia wa tatu, akaacha masomo kabla ya wa tano, hakupata Kifaransa wala Kiswahili. Na wasichana mara nyingi ndio wa kwanza kuondolewa, kwa sababu nyumbani wanasema "huyu hana kichwa".

Baada ya M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watoto wengi walikatiwa masomo, wengine walihama na kuanza tena kwenye shule wasiyoijua. Mtoto wa namna hiyo akipokelewa na kupimwa kwa Kifaransa peke yake, anaweza kurudishwa miaka miwili nyuma kwa kosa lisilo lake. Shule inayomuuliza kwanza kwa lugha anayoielewa itajua kweli amefikia wapi.

Basi, lini?

Ukiweka pamoja sheria, utafiti na hali ya madarasa, mpango unaofaa kwa familia nyingi za mashariki unaonekana wazi kiasi.

Mwaka wa kwanza na wa pili, mtoto ajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu katika lugha anayoielewa: Kiswahili mjini, lugha ya eneo pale inapowezekana. Kifaransa kianze tangu hapo, lakini kwa mdomo: salamu, nyimbo, amri za darasani, michezo, hadithi fupi. Mara anaposoma Kiswahili bila kukwama, aanze kusoma Kifaransa. Kuanzia mwaka wa tatu na wa nne Kifaransa kichukue nafasi kidogo kidogo, mwalimu akiwa huru kurudi kwenye Kiswahili somo likiwa gumu. Mwaka wa tano na wa sita, Kifaransa kitangulie, kwa sababu ENAFEP inangoja.

Kiingereza kinaweza kungojea sekondari, pale ambapo programu ya taifa inakifundisha, bila mtoto kupoteza kitu. Mtoto wa miaka 12 mwenye msingi mzuri wa kusoma, akipata mwalimu anayejua Kiingereza na saa za kutosha, atamfikia yule aliyeanza na miaka sita kwa nyimbo peke yake. Kama shule ina mwalimu anayekisema kweli na mzazi ana uwezo, kuanza mapema kwa michezo hakudhuru. Kulipa dola za ziada ili mtoto afundishwe na mtu anayesoma kitabu bila kujua matamshi, hiyo ni hasara mara mbili, maana kosa lililoingia mapema linatoka kwa shida.

Kwa familia ambayo Kifaransa kinasemwa nyumbani kila siku, hesabu inabadilika. Mtoto huyo anaweza kuanza kusoma kwa Kifaransa, kwa sababu kwake si lugha ngeni. Lakini jirani asimuige kwa kuona buletini tu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mzazi haitaji kuwa mwalimu ili kuchagua vizuri. Anaweza kumuuliza direkta mambo machache. Mwalimu wa mwaka wa kwanza anafundisha kusoma kwa lugha gani? Darasa lina watoto wangapi? Kuna vitabu vya Kiswahili, na watoto wanavigusa ao vinafungiwa kabatini? Mwalimu wa Kiingereza anaweza kuongea na mgeni dakika tano? Ni saa ngapi kwa juma? Mtoto akisema Kiswahili uani anafanywa nini?

Na nyumbani, jioni, kuna mtihani usiodai franga hata moja. Mpe mtoto wa mwaka wa tatu karatasi ambayo hajawahi kuiona, tangazo la kanisa ao karatasi ya dawa iliyoandikwa Kiswahili. Asome. Kisha muulize imesema nini. Akieleza kwa maneno yake, msingi upo, na Kifaransa kitapata pa kujengwa. Akisoma vizuri na kushindwa kueleza, ao akishindwa kusoma kabisa, shida yake haitatatuliwa na bango la lugha mbili. Hapo ndipo mzazi aende kumuona mwalimu, mwezi wa kumi, asingojee buletini ya mwisho wa mwaka.

Kamati ya wazazi nayo ina nafasi. Kwenye mkutano wa kwanza wa mwaka, mara nyingi mazungumzo yanaishia kwenye pesa na paa linalovuja. Mzazi mmoja akiinua mkono na kuuliza, "Watoto wa mwaka wa kwanza wako wanasoma kwa lugha gani?", direkta atalazimika kujibu, na wazazi wengine watajua kwamba sheria inawaruhusu kuuliza.